Isnadi na Matini: Uhakiki wa Vyanzo vya Mtandaoni katika Utafiti wa Historia ya Utumwa Nchini Marekani

1.0 Tatizo la Mtafiti Aliye Mbali

Sehemu hii inahakiki vyanzo vya mtandaoni vya historia ya utumwa nchini Marekani ambavyo sura zinazofuata zimevitegemea. Katika tasnifu nyingi sehemu ya namna hii huwa fupi. Mtafiti hutaja maktaba alizozitembelea, hueleza kwamba amezingatia vyanzo vya kuaminika, kisha huendelea na uchambuzi. Utafiti huu haukuweza kufanya hivyo. Mtafiti hajawahi kuingia katika chumba cha kusomea cha Maktaba ya Bunge la Marekani, wala hajashika kwa mkono wake waraka wowote anaoujadili. Kila kilichonukuliwa humu kimesomwa kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo suala la kuaminika kwa vyanzo vya mtandaoni ndilo linaloamua kama uchambuzi unaofuata una msingi au hauna.

Inafaa kukiri mapema kwamba suala hili halikuanzia vitabuni. Katika rasimu ya kwanza ya pendekezo la utafiti huu, mtafiti alinukuu kwa kujiamini hotuba inayodaiwa kutolewa Virginia mwaka 1712, ambamo mmiliki wa watumwa aitwaye Willie Lynch anawafundisha wenzake jinsi ya kuwagawanya watumwa kwa umri, rangi na jinsia. Msimamizi hakufuta nukuu hiyo. Aliandika pembeni swali moja tu: "Nani aliyeipokea kutoka kwa nani?" Mtafiti alitumia takribani wiki tatu kulitafutia jibu, na jibu halikupatikana. Pendekezo zima lilibidi liandikwe upya, kwa kuwa hoja yake kuu ilikuwa imejengwa juu ya hotuba hiyo.

Swali la msimamizi ni la kale katika elimu yetu. Wanazuoni wa hadithi hutenganisha matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mnyororo wa watu walioyapokezana. Matini inaweza kuwa nzuri, yenye hekima na inayoafiki yale tunayoyajua, lakini ikikosa isnadi haichukuliwi kuwa hoja. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili nao wanaijua nidhamu hii kwa njia nyingine. Hakuna anayemsoma Muyaka bila kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya mashairi yake imetufikia kupitia kumbukumbu na mkono wa Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na kwamba yalichapishwa kwa uhariri wa William Hichens mwaka 1940. Tunauliza nani alisikia, nani aliandika, nani alihariri. Ajabu ni kwamba mtafiti yuleyule anayeuliza maswali hayo kuhusu ubeti mmoja wa Mombasa huyaacha mlangoni pindi anapofungua tovuti ya Marekani.

Miongozo ya kawaida haisaidii sana. Mwanafunzi huambiwa aamini anwani zinazoishia na vifupisho vya serikali au vya vyuo vikuu, na azikwepe nyingine. Kigezo hiki kinapima nyumba na kumsahau mgeni aliyemo ndani yake. Hotuba ya Lynch yenyewe iliwahi kuwekwa kwenye kompyuta za chuo kikuu kimoja cha Marekani katika miaka ya mwanzo ya 1990, na kuwepo kwake hapo kulichangia kuipa heshima isiyostahiki.

2.0 Hotuba Isiyo na Isnadi

Hotuba hiyo ikichunguzwa kwa vigezo vya matini peke yake, inaanguka. Ina maneno ya Kiingereza ambayo hayakuwepo mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, likiwamo lile la kujijaza mafuta upya, tamathali ambayo haiwezi kuzaliwa kabla ya zama za injini. Msemaji wake anatabiri kwamba mbinu yake itafanya kazi kwa miaka 300, na kwa namna ya ajabu hesabu hiyo inaishia katika zama za wasomaji wa leo. Aidha, wanaoisambaza hudai kwamba neno la Kiingereza la kuua watu kwa hukumu ya kundi lilitokana na jina la msemaji huyu, ilhali asili ya neno hilo kwa kawaida huhusishwa na Charles Lynch wa Virginia na matukio ya wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, zaidi ya nusu karne baadaye.

Lakini kasoro ya matini isingetosha. Nyaraka halisi pia huwa na maneno yanayotushangaza, na wanakili huingiza lugha ya zama zao. Kinachoihukumu hotuba hii ni ukosefu wa isnadi. Haina muswada, haina nakala ya chapa ya karne ya kumi na nane wala ya kumi na tisa, na haikutajwa na wapigania kukomeshwa kwa utumwa, ambao wangeifurahia kupita kiasi kama silaha. Gazeti la kwanza la Virginia lilianza kuchapishwa mwaka 1736, kwa hiyo haiwezi kutoka huko. Inaonekana hadharani katika miaka ya 1990, na ilipata umaarufu mkubwa baada ya Louis Farrakhan kuinukuu katika mkutano wa Washington wa tarehe 16 Oktoba 1995.

Kuna wanaosema kwamba hata kama hotuba ni bandia, inasema kweli kuhusu utumwa. Mtafiti aliwahi kujitetea kwa maneno hayohayo, na sasa anayaona kuwa na madhara. Sheria za Virginia za 1705 zilizokusanya na kukaza masharti ya utumwa zipo, zimechapishwa, na zinasomeka mtandaoni. Ukatili wake hauhitaji kuongezewa chumvi. Anayenukuu bandia palipo na halisi anampa mpinzani wake nafasi ya kuitupa hoja yote pamoja na ile bandia. Zaidi ya hapo, hotuba hiyo inawaonyesha watumwa kama udongo uliofinyangwa na mtu mmoja mwerevu kwa siku moja. Historia waliyoisimulia wenyewe haifanani na hayo.

3.0 Kitabu Kilichotiliwa Shaka

Upo upande wa pili wa kosa hili, nao hutajwa mara chache katika miongozo: kukataa kilicho halisi. Mwaka 1861 kilichapishwa kitabu cha maisha ya mwanamke aliyetoroka utumwa huko North Carolina, akiitwa ndani yake Linda Brent. Anasimulia jinsi alivyomkwepa bwana aliyemtaka kimwili, na jinsi alivyojificha kwa karibu miaka saba katika dari finyu ya nyumba ya bibi yake. Kwa muda mrefu katika karne ya ishirini wanahistoria wengi walikiona kuwa riwaya, na baadhi walimdhania mhariri wake, Lydia Maria Child, kuwa ndiye mtunzi. John Blassingame, mwanahistoria aliyefanya mengi kuliko wengi kuzirejesha sauti za watumwa katika taaluma, alikitilia shaka katika kitabu chake cha 1972. Alikiona kuwa na matukio ya kusisimua mno kiasi cha kutoaminika.

Aliyekirudishia hadhi yake ni Jean Fagan Yellin, katika makala ya 1981 na toleo lililohaririwa la 1987. Hakufanya hivyo kwa kubishana kuhusu mtindo. Alitafuta isnadi. Alisoma barua ambazo Harriet Jacobs, mwandishi halisi, alimwandikia rafiki yake Amy Post akieleza mashaka yake ya kuandika, na akalinganisha watu wa kitabuni na kumbukumbu za mji wa Edenton. Majina yalibadilika, watu wakabaki.

Leo matini ya 1861 inapatikana bure katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, katika mkusanyiko wa masimulizi ya watumwa wa Amerika Kaskazini. Ni mojawapo ya hifadhi bora alizozikuta mtafiti, kwa sababu inaonyesha ukurasa wa jina wa toleo, mwaka wake na nakala iliyotumika. Hata hivyo matini hiyohiyo imenakiliwa katika tovuti nyingi za vitabu vya bure bila dibaji wala ukurasa wa jina. Mwanafunzi anayekutana nayo huko hana namna ya kujua kwamba kitabu hiki kilipitia kesi na kikashinda. Msomaji wa aina hiyo akisoma Blassingame wa 1972 na kuishia hapo, atakitupa tena.

Somo la Jacobs kwa mhakiki wa fasihi linauma kidogo. Kilichowafanya wanahistoria wamkatae ni kwamba aliandika vizuri, kwa kutumia mbinu za riwaya za wanawake wa wakati wake. Sanaa ilihesabiwa kuwa ushahidi wa uongo.

4.0 Sauti Mbili za Mwanamke Mmoja

Sehemu kubwa ya data ya utafiti huu inatoka katika masimulizi ya watu waliokuwa watumwa, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938 na Mradi wa Waandishi wa Serikali ya Shirikisho wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni masimulizi zaidi ya 2,300 kutoka majimbo 17, pamoja na picha takribani 500. Isnadi yake kwa mtazamo wa kwanza haina dosari: mradi wa serikali, maktaba ya taifa, picha za kurasa zilizopigwa taipu. Ni hapa ambapo mtafiti analazimika kusema kwamba isnadi sahihi si mwisho wa kazi.

Huko Charleston, South Carolina, mwanamke mzee alihojiwa mwaka 1937 na wahojaji wawili wa mradi huo kwa nyakati tofauti. Wa kwanza, Jessie Butler, alikuwa mwanamke Mzungu. Kwake, bibi huyo alimsifu bwana wake wa zamani, Bwana Fuller, kuwa mtu mwema, na simulizi lake kuhusu utumwa ni la upole. Wa pili, Augustus Ladson, alikuwa Mweusi. Kwake, bibi yuleyule alisimulia vilio vya watu walioondolewa ndugu zao bila taarifa, familia zilizouzwa na kutenganishwa, na mapigo. Wanahistoria James Davidson na Mark Lytle waliifanya jozi hii kuwa maarufu katika ufundishaji wa mbinu za kihistoria. Butler mwenyewe aligundua kwamba bibi alidhani ametumwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Mwanamke mzee na maskini, katika mji uliotawaliwa na ubaguzi wa rangi, anamwambia nini Mzungu anayedhani ndiye mwenye ufunguo wa msaada wake?

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangaa. Tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba fanani hubadilisha simulizi kulingana na hadhira, na kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji. Kile ambacho mwanahistoria anaweza kukiita upotoshaji, sisi tunakiita utendaji. Lakini pana hatari ya kuifurahia nadharia yetu mno. Katika jambo hili hadhira moja ilikuwa na uwezo wa kumnyima bibi huyu mkate, na nyingine haikuwa nao. Tofauti hiyo haimo katika istilahi zetu za fanani na hadhira, na uchambuzi wa sura ya tano unajaribu kuirudisha.

Sasa tazama kinachotokea mtandaoni. Katika nakala ya Butler jina limeandikwa Susan Hamlin. Katika nakala ya Ladson ni Susan Hamilton. Kwenye kitabu kilichofungwa pamoja, mahojiano haya yamekaribiana, na msomaji anayepekua kurasa atayakuta yote mawili. Mtafiti wa leo hapekui. Anaandika jina katika kisanduku cha kutafutia na kupewa moja kati ya hayo mawili. Akiandika Hamlin anapata bwana mwema. Akiandika Hamilton anapata vilio. Kila mmoja ataondoka na ushahidi wake kutoka hifadhi ya kuaminika kuliko zote, wala hatajua kwamba kuna mwenzake.

Tahajia inaleta tatizo kubwa zaidi. Wahojaji wengi waliandika maneno ya wahojiwa kwa tahajia ya kubuni ili kuonyesha matamshi ya watu Weusi wa Kusini. Sterling Brown, mshairi na mhariri wa mradi aliyeshughulikia masuala ya watu Weusi, aliwashauri wazingatie nahau na mpangilio wa maneno kuliko kuiga kila sauti. Baadhi walimsikiliza, wengi hawakumsikiliza. Matokeo yake ni kwamba neno la bwana huonekana kama "master", "marster", "massa" au "marse", na neno la askari wa doria za usiku waliowinda watumwa wasio na kibali lina sura nyingi zaidi. Mtafiti alipotafuta neno la doria kwa tahajia ya kamusi, alipata sehemu ndogo tu ya masimulizi aliyokuja kuyakuta baadaye kwa kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Ongeza makosa ya mashine inayotambua herufi katika kurasa zilizofifia, na utaona kwa nini hesabu za maneno zinazofanywa kwa programu katika mkusanyiko huu zinapaswa kupokewa kwa tahadhari. Ilivyo, watu walioandikiwa kwa dharau zaidi ndio wanaopatikana kwa shida zaidi.

Kisha yapo yasiyokuwemo. Kabla ya kupelekwa Washington, masimulizi yalipitia ofisi za majimbo. George Rawick, aliyeanza kuyachapisha mwaka 1972, aliendelea kupekua hifadhi za majimbo na kukuta mamia ambayo hayakuwahi kufika. Mississippi ni mfano mchungu. Masimulizi yaliyotumwa Washington ni machache mno kwa jimbo lililokuwa na watumwa wengi kiasi kile, wakati Rawick alikuta mengi yamebaki huko. Kwa Texas alikuta nakala za awali ndefu kuliko zile zilizotumwa, yaani mkono wa mhariri ulipita katikati. Anayesoma mtandaoni katika hifadhi ya Maktaba ya Bunge anasoma kile kilichovuka chujio hilo. Kwa upande wa pili, Arkansas ina masimulizi mengi kuliko jimbo lingine lolote, lakini wengi wa wahojiwa wake walikuwa watumwa kwingineko na walihamia huko baada ya uhuru. Ramani inayoonyeshwa kwenye tovuti ni ramani ya mahali wazee walipohojiwa. Tumekuta kazi za wanafunzi zilizoisoma kama ramani ya utumwa.

Umri nao usisahaulike. Mtu aliyehojiwa mwaka 1937 akiwa na miaka 85 alikuwa na miaka 13 utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865. Tunachopewa kwa kiasi kikubwa ni utumwa kama ulivyoonwa na mtoto na kukumbukwa na mzee mwenye njaa. Blassingame (1975) alizitumia hoja za namna hii kupendelea tawasifu zilizoandikwa kabla ya 1865 kuliko mahojiano haya. Paul Escott (1979) alichagua njia nyingine: aliyahesabu majibu kwa kuzingatia rangi ya mhojaji, na akaonyesha kwamba picha ya mabwana huwa mbaya zaidi pale mhojaji alipokuwa Mweusi. Mtafiti anaegemea upande wa Escott. Chanzo ambacho upotofu wake unaweza kupimwa kinafaa kuliko kinachotupwa, na tawasifu za kabla ya 1865 zina wahariri wao na malengo yao. Ziliandikwa zaidi na wanaume waliofanikiwa kutoroka, na waliotoroka hawakuwa wengi.

5.0 Kuhusu Takwimu

Jambo hili linahitaji maneno machache. Takwimu za biashara ya watumwa ya Atlantiki katika tasnifu hii zinatoka katika hifadhi ya SlaveVoyages, iliyoanza kama sahani ya kompyuta mwaka 1999 na kuwekwa mtandaoni mwaka 2008. Ina kumbukumbu za safari takribani 36,000. Hifadhi hiyo ina sehemu mbili ambazo wanafunzi huzichanganya: orodha ya safari zilizopatikana katika nyaraka, na ukurasa wa makadirio unaojumlisha pia zile zinazodhaniwa kupotea. Watu milioni 12.5 waliopakiwa, na milioni 10.7 waliofika wakiwa hai, ni makadirio. Anayejumlisha orodha ya safari atapata idadi ndogo zaidi, na wote wawili wataandika jina lilelile la chanzo. Watu waliopelekwa moja kwa moja katika bara la Amerika Kaskazini wanakadiriwa kuwa chini ya 400,000. Wasomaji wa Afrika Mashariki hushangazwa na udogo wa idadi hiyo, kwa kuwa filamu na vitabu vimewazoesha kuiona Marekani kama kitovu. Waliosafirishwa kuvuka Atlantiki kutoka kusini-mashariki mwa Afrika na visiwa vyake wanakadiriwa kuzidi nusu milioni, na wengi wao walipelekwa Brazil.

6.0 Utaratibu Uliofuatwa

Kutokana na hayo, kila simulizi lililonukuliwa kuanzia sura ya nne limetajwa pamoja na jina la mhojaji, rangi yake pale inapojulikana, mahali pa mahojiano na mahali mhojiwa alipokuwa mtumwa, kwa kuwa mara nyingi hapatofautishwi. Pale ambapo Rawick amechapisha nakala ya awali iliyo ndefu, nakala hiyo ndiyo iliyotumika, na tofauti zake na nakala ya Washington zimeonyeshwa. Majina yametafutwa kwa tahajia zote zilizowezekana. Kazi hii ilichukua miezi mingi kuliko ilivyopangwa, na idadi ya masimulizi yaliyochambuliwa ilipunguzwa kwa sababu hiyo.

Limebaki suala la tafsiri. Tahajia ya kubuni ya wahojaji haikuigwa katika Kiswahili. Kuitafsiri kwa lahaja fulani ya pwani au ya bara kungewabebesha wasemaji wa lahaja hiyo dharau iliyokuwa ya watu wengine. Yametafsiriwa kwa Kiswahili cha kawaida kinachofuata mpangilio wa mawazo ya msemaji, kwa jinsi Brown alivyoshauri, na matini ya Kiingereza kama ilivyopigwa taipu imewekwa kwenye kiambatisho. Susan Hamlin na Susan Hamilton wamewekwa humo kurasa zikitazamana.